Silabasi Si Silabi, Wala Si Kilatini

Nimerudishiwa ripoti yangu ikiwa imejaa wino mwekundu. Niliandika "silabasi mbili", yaani orodha mbili za mada za kufundishwa. Mhariri akakata, juu yake akaweka "silabi", na pembeni akanipa darasa: neno la Kilatini likiishia -us, wingi wake ni -i. Haya, mwalimu. Akaipitisha kanuni yake ripoti nzima, na sentensi yangu moja ikatoka hivi: "Walimu wamalize silabi zote kabla ya mitihani." Yaani ma, me, mi, mo, mu, wasibakize hata moja.

Ningecheka kama jina lililo chini ya ripoti lisingekuwa langu.

Silabi yenyewe haina makuu. Wagiriki walisema syllabe, kutokana na kitenzi cha kushika pamoja: herufi zimeshikana, zinatamkwa kwa mkupuo mmoja. Kilatini kikasema syllaba, Kiingereza kikapokea, nasi tukapokea. Na tunaitumikisha: mshairi anayepima mizani nane kwa nane anahesabu silabi, na ole wake asahau kwamba "mtu" ina silabi mbili.

Silabasi ndiyo kioja. Mwaka 56 kabla ya Kristo, Cicero, mwanasiasa na mwandishi mkubwa wa Kilatini, alikuwa anapanga upya maktaba yake. Vitabu vya siku hizo vilikuwa magombo, na gombo lisilo na lebo hulijui mpaka ulikunjue. Akamwandikia rafiki yake Atticus, Mroma aliyeishi miaka mingi Athens, amtumie watu wawili wa kugundisha, waje na ngozi ya kutengenezea lebo zile ambazo "nyinyi Wagiriki, nadhani, mnaziita sittybas".

Hilo "nadhani" nalipenda sana. Cicero mzima hakuwa na uhakika. Mhariri wangu anao wa kuwatosha wote wawili.

Barua zikanakiliwa kwa mkono karne baada ya karne, neno likaharibika njiani, na matoleo yaliyochapwa miaka ya 1470 yakatoka na syllabos. Wasomi wakaliamini. Wakalitafutia umoja, syllabus, kisha wakalibambikia undugu na kile kitenzi kilichozaa silabi. Mwaka 1864 Papa Pius IX akatoa orodha ya makosa 80 ya zama zake, ikaitwa Syllabus. Orodha ya makosa, jina lenyewe kosa!

Sasa mtu ananishikia fimbo ya wingi wa Kilatini. Kilatini cha nani? Cicero angelisikia neno hili angeuliza ni mdudu gani. Na hata lingekuwa lake, likishavuka mlango wetu linafuata ngeli zetu. "Basi" tunalopanda ni mkia wa omnibus, Kilatini halali kabisa, maana yake "kwa wote". Tumelikata kichwa, tumelipa ma-, tunasema mabasi, na sijaona abiria akisubiri "bai" kituoni. Kampasi moja, kampasi tatu. Virusi ni virusi. Silabasi imekosa nini?

Nakubali, shingo upande, kwamba kamusi za Kiingereza zinaruhusu syllabi. Ziwaruhusu Waingereza. Wao hawana neno lingine linaloandikwa vivyo hivyo likimaanisha ma na me.

Nikamwandikia mhariri haya yote, kwa adabu, pamoja na Cicero na ngozi yake. Hakunijibu neno. Ripoti ikarudi jioni ikiwa safi, silabi zimefutwa, silabasi zimefutwa, kila mahali pamewekwa "mihtasari". Neno zuri, la siku nyingi, sina la kulipinga. Nikaisambaza. Haikupita nusu saa, mwenzangu mmoja akauliza: mihtasari hiyo walimu wanayotakiwa kuimaliza kabla ya mitihani, ni ya vikao vipi?