Sikufa Jamani, Nilikuwa Napumzika

Najua mmeshaona status ya yule jamaa yangu. Ipuuzeni. Habari kamili ni hii.

Mimi ni mtu wa kitambi na kazi ya kukaa. Nesi alinielekeza vizuri tu: mtu mzima apate walau dakika 150 za mwendo wa haraka kiasi kwa wiki, hata kwa kuzigawa kidogo kidogo. Kipimo ni mdomo: ukiweza kuongea ila kuimba huwezi, uko sawa. Ukishindwa hata kuongea, punguza. Hakutaja kupanda mlima Loleza popote! Loleza kaileta jamaa: "Tunapasha tu, kaka." Asubuhi ya Juni, ukungu mpaka puani. Na Mbeya hii tukiwa tumelala tu tuko mita kama 1,700 juu ya bahari.

Nyumba za mwisho hatujaziacha mbali, mapafu yakagoma. Jamaa akatangulia na simu yake. Mimi nikajilaza chali kando ya njia, mikono kifuani, macho nimefumba.

Mara vishindo. Kina mama wanashuka na ndoo za parachichi kwenda sokoni. Wakasimama.

"Kalewa huyu?"

"Saa hizi? Hebu muone midomo."

Ni baridi, mama zangu! Nataka kusema "nipo", inatoka "hhhh".

"Roho ndiyo inamalizikia hiyo."

Kitenge kikaanza kushuka juu yangu, taratibu. Miguuni. Tumboni, kikakwama kidogo, kikavutwa. Kifuani. Usoni. Kinanuka moshi na (msicheke) kina joto zuri mno. Nikatulia.

"Masikini, baba wa watu. Tuite vijana wanne wambebe."

"Wanne? Labda wambebe tumbo."

"Sita."

"Mimi nasema waje na trekta."

Nilisikia yote, ndugu zangu. Marehemu hatetewi. Wakaanza kuimba pambio, sauti tatu, nzuri kabisa, na beti ya pili ndipo moshi wa kitenge uliponiingia puani nikapiga chafya, nikakaa.

Sijawahi kuona watu wazima wakikimbia vile kwenye mteremko. Nesi angefurahi.

Yaliyobaki mnayajua: jamaa karudi anarekodi, kaandika "Lazaro alingoja siku nne, huyu dakika nne." Mama wa kitenge kanidai parachichi zote zilizopondeka.

Ninazo ndoo mbili. Anayetaka aje inboksi, bei ya msiba.