Mzee Hakuja Kusimulia, Amekuja Kusoma Nota

Kila Jumamosi saa kumi jioni tunakutana kwenye kibaraza cha nyumba moja hapa Isevya, Tabora. Mali zetu ni ubao niliopaka rangi kwa mkono wangu, magitaa mawili (moja limepinda shingo), kinanda kinachokubali betri umeme ukikatika, ngoma tatu na manyanga ya vibuyu. Watoto wanakaa mikekani, wazee kwenye mabenchi ya kuazima. Mwanafunzi wangu mdogo ana miaka 8. Mkubwa ni bibi ambaye ukimuuliza umri anakujibu kwamba alipozaliwa, miembe ya mbele ya nyumba yao ilikuwa tayari inazaa.

Mwaka wa pili tangu tuanze alijiunga mzee mmoja, mstaafu wa reli. Habari zake nilikuwa nazo: ujanani alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya dansi. Sasa sisi watu wa Tabora kwa jambo hilo tuna majivuno, na tuna haki. Tabora Jazz, wana Segere Matata, walikuwa wa hapa, na Shem Karenga aliimba humo. Kikundi cha ngoma cha Hiari ya Moyo, cha Mzee Mwinamila, kilitoka huku huku. Ukienda Ulyankulu, kwenye makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, utaikuta asili ya kwaya ya Barabara ya 13, ambayo kanda zake zimechezwa hadi kwenye nyumba za watu wasiojua Ulyankulu iko upande gani wa ramani. Kwa hiyo nilipomwona mzee ameketi pale na kofia yake magotini, nikaona nimeshushiwa maktaba nzima. Nikamwinua awasimulie watoto muziki wa zamani. Akasimulia dakika tano, kwa adabu, akakaa. Jumamosi iliyofuata nikamwinua tena. Ya tatu, alisubiri watoto waondoke.

"Mwalimu," akaniambia, "historia yangu ninayo nyumbani, wajukuu wameshaichoka. Hapa nimekuja kusoma hizo do-re-mi. Nimepiga besi miaka na miaka kwa kusikia tu. Karatasi ya muziki kwangu ni barua ya mtu mwingine. Halafu wewe kila wiki unanisimamisha kama lile tembe la Livingstone pale Kwihara, watu waje, watazame, waondoke."

Nilicheka kwa aibu, nikamwomba radhi. Tangu siku ile nimekuwa na neno ambalo nimelisema vikaoni likapita bila kujibiwa, basi acha niliandike.

Sisi tunaofundisha muziki mtaani tuna mazoea ya kuwagawa watu kabla hawajafungua midomo. Mzee akija, tunamwita hazina. Mtoto akija, tunamwita kipaji. Hazina huhifadhiwa na kipaji huibuliwa, ndivyo tunavyosema, na maneno yenyewe ni matamu. Lakini angalia: katika mpango huo hakuna aliyebaki kuwa mwanafunzi. Mzee anatakiwa atoe alichonacho kabla hajafa, na mtoto anatakiwa aoneshe alichonacho kabla hatujachoka naye. Elimu haina mwisho tunaichapa kwenye kanga na kwenye madaftari, ila mtu wa miaka 70 akitaka kujifunza kitu kipya kabisa, kisichohusiana na ujana wake, tunamtazama kama aliyepanda basi lisilo lake.

Kwa watoto hali ni mbaya zaidi, kwa sababu kuna pesa inanusa karibu. Majirani zetu wa Kigoma wana sifa ya kuwa chimbuko la mastaa; Diamond Platnumz na Alikiba wote asili yao inatajwa kuwa huko. Nawapongeza. Ila sifa hiyo imesafiri na treni ikashukia Tabora, na sasa mzazi ananiletea mtoto wa miaka 10 na swali la kwanza ni: "Mwalimu, huyu atatoka?" Atatoka wapi? Ndiyo kwanza ameingia! Mtoto huyo nikimfundisha miezi mitatu akawa anaimba sauti ya pili bila kuvutwa na sauti ya kwanza, kwangu hilo ni jambo kubwa. Nyumbani wanaona bado hajaanza.

Wafadhili nao, siwataji, waliwahi kutuletea fomu. Kulikuwa na kisanduku cha idadi ya vijana waliopata kipato kutokana na muziki, na kisanduku cha idadi ya nyimbo za asili zilizorekodiwa kutoka kwa wazee. Nilitafuta pa kuandika kwamba bibi mmoja, mshona nguo, amejifunza kuhesabu mapigo sita bila kuharakisha. Hapakuwepo. Tukaandika sifuri na nne. Fedha hazikuja, na sikushangaa.

Niwaeleze basi tunachofanya, maana ubishi bila kazi ni kelele.

Tunasoma kwa solfa. Yeyote aliyepita kwenye kwaya Tanzania anazijua zile herufi: d, r, m, f, s, l, t, nukta mbili kutenganisha mapigo, kistari cha kukwambia shikilia. Wengi wanadhani ni nota za kimaskini, hatua ya kupita kabla ya kufika kwenye nota za mistari mitano. Mimi nadhani kinyume. Mfumo huu ulitengenezwa kwa ajili ya watu kama wetu. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeuanza, na kuanzia miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akaukuza ili watoto wa shule za Jumapili na watu wazima wasio na uwezo wa kulipia masomo waweze kuimba kutoka kwenye karatasi. Wamisionari wakaubeba hadi huku. Tangu mwanzo, basi, ulikuwa muziki wa benchi moja kwa mkubwa na mdogo.

Na una faida moja ambayo watu wa mistari mitano wanaitolea jasho: do inahama, yaani unaiweka kwenye sauti yoyote uitakayo. Wimbo ulioandikwa "Do ni G" nikiona unawapanda wazee shingoni, nasema tu, jamani leo do ni E, na karatasi inabaki ile ile. Hili si jambo dogo. Sauti ya mtu inazeeka kama goti. Misuli ya sauti inapungua unene, pumzi inafupika, wanawake wengi sauti zao zinashuka, na wanaume wengine zao zinapanda kidogo na kuwa nyembamba. Bibi aliyekuwa soprano ya kutegemewa kwenye kwaya ya kigango miaka ya 1970 anakuja kwako akidhani sauti yake imekufa. Haijakufa, imehama. Ukishusha do, unaona mabega yake yanashuka pia.

Wanaoumia ni wapiga gitaa. Vijana wangu waliizoea mishiko ya G, C na D, vidole vinakwenda vyenyewe. Do ikiwa E, wanahitaji E, A na B, na hiyo B inataka kidole kimoja kibane nyuzi kadhaa kwa pamoja. Mmoja alinipa ukweli wake: "Mwalimu, hawa mabibi wanatutesa." Nikamjibu kwamba na yeye mwaka jana sauti ilipokuwa ikivunjika, mabibi hao hao walimsubiri miezi minne bila kumcheka. Wavulana wa miaka 12 hadi 15 ndio tunaowapoteza zaidi, kwa sababu sauti inaruka kama mbuzi mbele ya wasichana. Dawa yangu ni kumweka mvulana karibu na mzee wa besi na kumpa nota tatu au nne tu za chini, hata kama ni do na so wimbo mzima. Anaazima sauti ya mzee mpaka ya kwake itulie.

Kitu kingine ni masikio. Mtu akizeeka, sauti za juu ndizo zinazoanza kumkimbia, pamoja na herufi kama s, f na t. Kuongeza spika hakumsaidii sana, kunamkera tu. Kwa hiyo tunakaa nusu duara, kila mmoja aone midomo ya mwenzake, na natumia zile ishara za mkono za Curwen: ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kiganja kinachotazama kifua chako ni so. Watoto wanazipenda kwa sababu ni kama mchezo, wazee kwa sababu hawalazimiki kuuliza "umesemaje?" Ishara moja, sababu mbili, na hakuna aliyeaibika.

Msidhani kila kitu kinakwenda kama harusi. Kuna kijana wetu anatengeneza biti kwa simu. Mwaka jana aliwarekodi wazee wakipiga manyanga, akayaingiza kwenye programu, programu ikayanyoosha kila pigo mahali pake, akaongeza besi nzito, akatuletea. Bibi wa miembe akasikiliza mpaka mwisho. "Imekufa hii," akasema. Kijana akanuna. Akafungua simu akaonesha kwamba wazee walianza kwa mapigo 96 kwa dakika na kumaliza kwa 112. "Bibi, mnakimbia." Bibi akasema hawakimbii, ngoma inapashwa moto. Mzee wa reli akaunga mkono kijana, maana mpiga besi hata akistaafu ni mpiga besi. Benchi likagawanyika.

Ningetaka kusema walipatana. Hawakupatana. Kilichotokea ni kwamba kijana sasa anaacha mapigo ya manyanga kama yalivyo na kunyoosha vingine tu, ila analalamika kazi imekuwa ngumu mara tatu. Na bibi anakubali kufanya mazoezi na kile kidude kinachogonga mapigo, dakika kumi, huku akikitazama kama mdai. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Kwa mara ya kwanza walibishana kuhusu muziki, si kuhusu heshima. Hakuna aliyesema "vijana wa siku hizi" na hakuna aliyesema "mambo ya kizamani". Walibishania mapigo 16.

Suala la dini nalo lipo, nalipita haraka. Tabora ni mji wa misikiti na makanisa, na solfa inanuka kanisa. Baba mmoja alimtoa binti yake aliposikia tunaimba "zile za kwaya". Nilikwenda nyumbani kwake, nikapewa chai na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), nikamwimbia wimbo wa kupalilia karanga wa Kinyamwezi kwa do-re-mi. Binti alirudi. Tangu hapo hatuimbi nyimbo za ibada za upande wowote kwenye kibaraza, ingawa kila mtu anakwenda na alichojifunza anakokujua: wengine kwenye kwaya, wengine kwenye dufu na kaswida.

Na hela? Kila mmoja anachangia shilingi 500 akiwa nayo. Mimi naishi kwa kupiga kinanda kwenye sherehe na kufundisha kwaya mbili. Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, nusu ya benchi inakwenda shamba na hakuna wa kumlaumu. Mahindi hayasubiri zoezi. Nilizoea kuumia. Siku hizi natumia miezi hiyo kuwafundisha watoto kuandika solfa wenyewe: naimba, wao wanaandika, wazee wakirudi wanakuta kazi inawangoja.

Ninachoomba kwa wenzangu tunaofanya kazi hii, na kwa maofisa utamaduni wanaotutembelea, ni kitu kidogo. Mzee akifika mlangoni, kabla ya kumwomba wimbo wa babu yake, muulize anataka kujifunza nini. Pengine atasema kinanda. Pengine atasema anataka kuimba Bongo Fleva ya mjukuu wake bila kuchekwa; niliambiwa hivyo, na tukafanya. Mtoto naye muulize hivyo hivyo, na jibu likiwa "sijui, napenda tu", mpokee na hilo. Nyimbo za zamani zitatoka zenyewe wakati watu wanapumzika, mtu anapofunga kamba ya ngoma huku akijiimbia. Nimeandika nyingi zaidi kwa njia hiyo kuliko nilipokuwa nawasimamisha watu mbele ya simu na kuwaambia haya, imba ya asili.

Mzee wa reli sasa anasoma. Si haraka, anafuata herufi kwa kidole, midomo ikitangulia sauti. Mwezi uliopita nilimwekea mistari miwili asiyoifahamu. Akaimba wa kwanza, akakosea pale do inaporuka kwenda la, akasimama mwenyewe kabla sijasema.

"Usinisaidie," akasema.

Watoto wakakaa kimya. Akarudia mara tatu, ya nne akaipata, akaendelea mstari wa pili bila kusimama, na alipomaliza hakutabasamu wala nini. Alimgeukia yule kijana wa biti akamwambia, "Haya, na wewe soma."

Jumamosi hii tunaanza zoezi jipya lenye sauti nne. Mzee ametuma salamu kwamba atachelewa kidogo, ana mtu wa kumpokea stesheni, na kwamba mstari wa besi asisome mtu mwingine.