Ahadi ya BEE Ipimwe kwa Siku ya Kulipa

Pale mapokezi ya kampuni ninayofanyia kazi hapa Johannesburg kuna cheti kimewekwa kwenye fremu ya kioo. Kinasema sisi ni Ngazi ya 2 ya BEE, yaani Black Economic Empowerment, mfumo wa Afrika Kusini wa kuwawezesha watu weusi kiuchumi. Chini yake yameandikwa maneno ya ahadi yetu: kuwainua kiuchumi watu weusi walionyimwa nafasi na ubaguzi wa rangi, na kubadilisha sura ya mahali pa kazi. Mimi nakaa ghorofa mbili juu yake, kitengo cha malipo. Mezani kwangu ndipo zinapofika ankara za watu wanaotajwa na ahadi ile.

Ankara moja sijaisahau. Ilikuwa ya mama mmoja wa Tembisa, kitongoji kilicho karibu na Johannesburg, mwenye kampuni ya usafi na wafanyakazi 9. Randi 38,400, kazi ya mwezi mzima. Iligongwa mhuri, msimamizi akathibitisha kazi imefanyika, kisha ikalala. Mama akawa anapiga simu kila Ijumaa, kwa upole wa mtu anayeogopa kukata tawi alilokalia. "Mwanangu, naomba tu uniangalizie." Mishahara ya wasichana wake ilikuwa tarehe 25. Fedha tulikuwa nazo, lakini kuchelewesha wazabuni wadogo ilikuwa desturi ya nyumba, maana mkubwa akichelewa kulipwa anasimamisha huduma, na mdogo anapiga simu Ijumaa. Kwa hiyo mama mwenye ndoo na fagio ndiye aliyekuwa akiikopesha kampuni yenye lifti sita, bila riba. Alilipwa siku ya 87. Pikapu yake ya kubebea vifaa alikuwa ameshaiuza, na wasichana 4 walikuwa wameondoka.

Mwaka huohuo wakaguzi walikuja kuhakiki alama zetu. Manunuzi kutoka kwake yalihesabiwa yote, yakatuongezea alama. Hakuna aliyeuliza alilipwa lini.

Niwaeleze wasomaji walio nyumbani Tanzania mfumo wenyewe unavyokwenda. Sheria ya BEE ilipitishwa mwaka 2003 na ikarekebishwa 2013. Kampuni hupimwa kwa umiliki wa hisa, watu walio kwenye uongozi, mafunzo, manunuzi pamoja na kuendeleza biashara ndogo, na mchango kwa jamii. Jumla ya alama ndiyo inayokupa ngazi, ya 1 ikiwa ya juu kabisa na ya 8 ya chini. Randi 100 ulizonunua kwa mzabuni wa Ngazi ya 1 zinasomeka 135 kwenye hesabu yako. Na biashara yenye mauzo yasiyozidi randi milioni 10 kwa mwaka, ikiwa yote ni mali ya mtu mweusi raia wa hapa, inaingia Ngazi ya 1 kwa hati ya kiapo tu. Mama wa Tembisa alikuwa hapo. Ndiyo sababu tulimtafuta, na ndiyo sababu nasema kipimo cha kweli kiko kwenye malipo: fungu kubwa kuliko yote la alama liko kwenye manunuzi na kuwaendeleza wazabuni.

Wapo wanaotaka mfumo wote ufutwe. Siko upande wao, na sababu yangu ni ya kifamilia. Babu yangu alitoka Rungwe miaka ya 1950 akaja kwenye migodi ya dhahabu kwa njia ya Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodi, kama vijana wengi wa kwetu kabla serikali ya Tanganyika huru haijasimamisha uandikishaji ule. Alikuwa anatoboa mwamba. Alikuwa anagonga dari la mgodi kwa mtaimbo na kusikiliza: likilia kama kengele ni salama, likitoa sauti ya ngoma, ondoka. Lakini cheti cha ulipuaji hakuweza kukipata maishani mwake. Sheria ya migodi ya mwaka 1911, na nyingine ya 1926 iliyoikazia, zilizuia vyeti vya ufundi visiende kwa watu weusi, na cha ulipuaji kiliendelea kufungwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Babu alisema walimletea kijana wa Kizungu mgeni kabisa wa chini ya ardhi, naye akamfundisha mwamba unavyolia. Kijana akapewa cheti na mshahara wa bosi. Babu akabaki na mtaimbo.

Jambo lililojengwa kwa sheria miaka zaidi ya 70 haliondoki kwa kura moja ya 1994. Ripoti za Tume ya Usawa wa Ajira zinaonyesha kila mwaka kwamba zaidi ya asilimia 60 ya nafasi za juu kabisa za uongozi wanazo wazungu, nao hawafiki asilimia 10 ya nguvu kazi ya nchi.

Mimi mwenyewe sihesabiwi. Sheria inawatambua raia wa kuzaliwa au wa ukoo, na waliopata uraia, au waliostahili kuupata, kabla ya tarehe 27 Aprili 1994. Watanzania wenzangu wananiuliza kama hainiumi, na babu alichimba dhahabu yao. Hainiumi. Babu alirudi Rungwe akakuta shamba lake la migomba lipo palepale. Wenyeji wa hapa, sheria ya ardhi ya 1913 iliwaachia takriban asilimia 7 ya nchi yao. Deni wanalodai wao ni kubwa kuliko langu.

Najua pia uchafu uliopo. Wapo waliomwandika mtunza bustani kuwa mkurugenzi bila yeye kujua, ili wajipatie alama, kosa linaloweza kumfunga mtu hadi miaka 10. Wapo vijana wanaochukuliwa mafunzo ya miezi 12, wakapigwa picha, wakarudi mtaani siku mkataba ulipoisha, ingawa alama za ziada zipo kwa anayewaajiri. Haya yanasemwa sana, na yasemwe. Ila kucheleweshwa kwa ankara hakupigiwi kelele, kwa kuwa hakuna sheria inayoonekana kuvunjwa, na anayeumia hana muda wa kwenda kwenye mikutano.

Serikali ya hapa imejiwekea kanuni ya kulipa ndani ya siku 30. Kampuni inayotundika ahadi ukutani iahidi siku 15 kwa kila biashara ndogo, na idadi ya siku iliyotumia kweli iandikwe palepale kando ya ngazi, mgeni aisome akisubiri lifti.

Tangu mwaka jana, kila Jumatatu asubuhi natoa ankara za wazabuni wadogo kwenye rundo, naziandika tarehe ya kupokelewa kwa kalamu nyekundu, na kuzipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi wa fedha. Mara ya kwanza aliniuliza nani kanituma. Sasa anazisaini nikiwa nimesimama. Wiki hii zilikuwa 11, moja ya fundi bomba wa Soweto ina siku 19, na nimeiweka juu.