Dibaga ya kununua au ya bure? Swali la mafundi chipukizi wa Tanga

Novemba 24, 2024 ilipokaribia, nyumba zenye mita za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuanzia Raskazone hadi Duga, ziliingiza tokeni ambazo hazikuongeza hata uniti moja. Kazi yake ilikuwa kuibadilishia mita ufunguo. Mfumo wa tokeni hizo huhesabu muda kwa dakika tangu mwanzo wa 1993, na nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni biti 24, yaani dakika 16,777,216. Tarehe hiyo ndipo dakika zilipokwisha. Waliobuni mfumo waliamua mezani ukubwa wa namba, na miongo mitatu baadaye uamuzi wao ukaingia kwenye kila ukuta wenye mita.

Programu za aina hii, zinazoishi ndani ya chipu ya mita, pampu, friji au mashine ya hospitali, Tanga haina sababu ya kuziagiza tu milele. Vijana wanaojifunza umeme VETA na roboti pale STEM Park wameshashika Arduino, bodi ndogo ya kujifunzia kupanga chipu. Tatizo linaanza pale kijana anapotaka kutoka kwenye bodi ya mafunzo aende kwenye bidhaa ya kuuza. Hapo anakutana na swali la zana: anunue za kampuni, au ajenge kazi yake juu ya zana huria, zile za bure ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote?

Kampuni ninayoichukua kama mfano ni SEGGER ya Ujerumani, iliyoanzishwa na Rolf Segger mwaka 1992. Inauza embOS, mfumo endeshi wa chipu ndogo. Inauza Embedded Studio, programu ya kuandikia na kujengea msimbo. Na inauza J-Link, dibaga inayojulikana sana katika fani hii, yaani kifaa cha kutafutia hitilafu ndani ya chipu.

Dibaga yenyewe inastahili maelezo, maana wengi waliokulia kwenye Arduino Uno hawajawahi kuigusa. Wao wakitaka kujua programu inafanya nini, wanaiamuru ichapishe ujumbe kwenye skrini. Njia hiyo inatosha kuwasha taa. Tuchukue sasa kidhibiti cha jokofu la samaki pale Deep Sea, kinachoganda mara moja kwa wiki, usiku, bila mpangilio. Ujumbe wa mwisho kwenye skrini hautakuambia kitu, na pengine kule kuchapisha kwenyewe kunabadilisha muda wa kazi kiasi kwamba hitilafu inajificha. Dibaga huunganishwa na chipu kwa nyaya chache, kwa utaratibu wa SWD au JTAG. Inaisimamisha chipu pale pale ilipo, inakuonyesha mstari gani wa msimbo ulikuwa unatekelezwa na kumbukumbu ina nini ndani yake. Kwa vifaa visivyofaa kusimamishwa ghafla, kama mota inayozunguka kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, SEGGER walibuni njia waliyoiita RTT: dibaga inasoma kumbukumbu chipu ikiwa inaendelea na kazi.

Nguvu ya zana hizi ilionekana wazi mwaka 1997. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mars Julai 4, na siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe. Mfumo endeshi wake ulikuwa VxWorks wa kampuni ya Wind River. Wahandisi waliirudia hali ile kwenye nakala ya chombo iliyobaki duniani, wakifuatilia mtiririko wa kazi zote, wakagundua kwamba kazi yenye kipaumbele cha chini ilishikilia kufuli, yaani zamu ya kutumia rasilimali ya pamoja, ambayo kazi ya kipaumbele cha juu ilikuwa inaisubiri. Marekebisho yakatumwa kwa redio. Yaliwezekana kwa sababu uwezo wa kuchunguza hitilafu haukuondolewa kwenye programu kabla ya safari.

Wanaotetea zana za kulipia wana hoja nzito, na sipendi zinavyopuuzwa. Fundi akikwama, kuna mtu wa kumwandikia ambaye kazi yake ni kujibu. J-Link inazungumza na chipu za watengenezaji wengi. Uhaba wa chipu wa 2021 ulitufundisha thamani ya hilo: waliojifunga kwa mtengenezaji mmoja walibaki na michoro isiyo na chipu. Halafu kuna vifaa vinavyogusa maisha. Mtu akitaka kutengeneza kifaa cha kudhibiti dripu, kitakachotumika wodini Bombo, atadaiwa ushahidi kwamba mfumo endeshi umepimwa. SEGGER wana toleo la embOS lenye cheti cha usalama kutoka TÜV SÜD, taasisi ya ukaguzi ya Ujerumani. Kupata cheti kama hicho peke yako ni gharama ambayo karakana ndogo haiwezi kuibeba.

Upande wa pili nao umekomaa. Kompaila ya GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu, ipo tangu 1987. FreeRTOS, mfumo endeshi huria wa chipu ndogo, ilianzishwa na Richard Barry mwaka 2003, ikaingia chini ya Amazon mwaka 2017, na leseni yake inaruhusu kuuza bidhaa bila kulipa mtu. OpenOCD, programu inayounganisha dibaga na kompyuta, ilianza mwaka 2005 kama kazi ya chuo ya Dominic Rath huko Augsburg, Ujerumani. Bodi za Nucleo za kampuni ya ST zinakuja na dibaga juu yake, na tangu 2023 Raspberry Pi wanauza dibaga yao kwa bei ndogo sana. Hata RTT siku hizi inasomeka kwa OpenOCD. Kwa hiyo anayesema bila J-Link huwezi kuona ndani ya chipu hasemi kweli.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mpango ambao kwa juu unaonekana wa ukarimu. SEGGER wanatoa Embedded Studio bure kwa kujifunza, na wana J-Link EDU ya bei nafuu kwa wanafunzi. Ni msaada wa kweli. Lakini masharti yake ni kwamba hutaitumia kwa biashara. Kijana anajifunza miaka miwili, mikono inazoea, kila mradi wake umejengwa humo. Siku anapouza kidhibiti chake cha kwanza kwa mkulima wa machungwa Muheza, ndiyo siku leseni inapoanza kudai euro, wakati bado hajapata faida. Wengi hapo huchagua njia ya tatu: J-Link feki au leseni iliyochakachuliwa. Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Programu ya SEGGER inaweza kuitambua kopi na kuikataa katikati ya kazi, na bidhaa iliyojengwa kwa wizi haiwezi kukaguliwa na mnunuzi makini.

Kwa hiyo msimamo wangu unaegemea upande mmoja. Anayeanza Tanga leo ajenge mradi wake kwa GCC na FreeRTOS tangu siku ya kwanza, hata kama anaandikia ndani ya Embedded Studio, ili siku ya kuuza asilazimike kuhama. Dibaga asiikwepe, ya bei ndogo inatosha kwa bidhaa ya kwanza. Mfumo endeshi wenye cheti anunue pale tu kifaa chake kinapoweza kumuumiza mtu.

J-Link ya biashara nayo si lazima kila mmoja awe nayo. Leseni yake inakwenda na kifaa chenyewe, haifungwi kwenye kompyuta ya mtu. Karakana nne au tano za Ngamiani na Chumbageni zinaweza kuchangia moja, ikawekwa mahali pamoja kwa daftari la kuazima, na itolewe kwa yule ambaye dibaga yake ndogo imeshindwa kumwonyesha hitilafu.