Managu ya Kaptembwo, vitunguu saumu vya Seattle

Mwezi wa kumi hapa Seattle, Marekani, watu hupanda vitunguu saumu. Unachukua punje moja, unaielekeza ncha juu, unaisukuma kwa kidole gumba mpaka ipotee udongoni, halafu unafunika kwa majani makavu. Inalala humo baridi yote, mvua ikiinyeshea miezi na miezi, nawe unaing'oa Julai. Mwaka wangu wa kwanza niliona ni kuvitupa vitunguu. Mimi ni mtoto wa Kaptembwo, mjini Nakuru, Kenya, na kwetu ukipandikiza miche ya sukuma leo, miezi miwili haiishi kabla hujaanza kuchuma.

Kipande ninacholima ni cha mpango wa jiji unaoitwa P-Patch. Ulianza 1973 kwenye ardhi iliyokuwa shamba la familia ya Picardo, na hiyo P imetoka kwenye jina lao. Sasa ni bustani karibu 90 zilizotapakaa mitaani. Unalipa ada ya mwaka, unatoa saa kadhaa za kazi ya pamoja, na sehemu ya mavuno hupelekwa kwenye vituo vinavyogawa chakula kwa wenye uhitaji. Mwaka huohuo wa 1973, jimbo hili la Washington lilianza kuwafunza wakazi wa kawaida ukulima wa bustani ili nao wawashauri wenzao bure, na leo mpango huo umeenea Marekani nzima. Jembe uma huna? Kuna mahali pa kuazima vifaa kama unavyoazima kitabu. Mbegu pia zina maktaba yake: unachukua, unapanda, ukivuna unarudisha kidogo.

Na haya yote yanafanyika katika jiji ambalo ukitoa miche ya nyanya nje kabla ya katikati ya Mei, baridi ya usiku inaidumaza. Desemba jua halifikishi hata saa tisa kwa siku. Majira ya joto, wakati mimea inapotaka maji hasa, mvua inakata. Wenyeji wamekubali hali hiyo na kuipangia.

Sasa tazama Nakuru. Mita zaidi ya 1,800 juu ya usawa wa bahari, hatua chache kusini mwa ikweta, saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano. Mji ulipandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021, nami nilifurahi kama wengine. Lakini mkazi wa nyumba ya kupanga pale Rhonda au Bondeni anayetaka kulima mboga, nani anampa hata futi kumi za ardhi?

Mama analimia kwenye gunia, mlangoni. Anasimamisha mkebe uliotobolewa kitako katikati, anaujaza kokoto, anazungushia udongo uliochanganywa na samadi, kisha anauvuta mkebe juu kidogo na kurudia, mpaka gunia lijae na mhimili wa mawe usimame ndani. Maji ya kuoshea mchele anayamimina juu ya kokoto, yanashuka hadi chini kabisa. Ubavuni anatoboa matundu na kupachika miche. Gunia moja linalisha watu wanne, na maji ya mgao yanatosha. Kalenda yake ipo kichwani: samadi inaandaliwa Februari, miche inaingia mvua ndefu zikianza, nyanya zinakwepeshwa baridi ya Julai, na kiangazi cha Januari kila jani la sukuma linageuzwa asubuhi kutafuta vidukari. Majirani wanauliza, anawaambia. Huku Seattle nilisubiri kipande changu miaka miwili, na jirani wa tuta la pili alichukua msimu mzima kuniuliza jina. Ujirani wa Kaptembwo siubadilishi na chochote.

Lakini ujirani hautoi ardhi. Miaka kadhaa iliyopita mama na wenzake watatu walisafisha ukingo wa barabara uliokuwa jaa la takataka, wakapanda kunde, terere na managu. Mboga zilipofika magotini, watu wakaja na mapanga wakafyeka zote asubuhi moja. Hawakueleza wametumwa na nani. Pale pamerudi kuwa jaa. Nikikumbuka naumia bado, kwa sababu hapa nilipo jiji lingewapa akina mama wale bomba la maji na kibao chenye jina la bustani yao.

Hata mbegu zimekuwa na vita vyake. Kwa miaka mingi sheria yetu ilimtishia mkulima anayeuza au kubadilishana mbegu zisizoidhinishwa kifungo cha hadi miaka miwili, faini ya hadi shilingi milioni moja, au vyote viwili. Novemba 2025 Mahakama Kuu ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha katiba. Kwa hiyo mlango uko wazi. Pale Gilgil, watu wa shirika la Seed Savers Network wamekuwa wakisaidia wakulima kuanzisha benki za mbegu za kienyeji, kwa hiyo ujuzi hauhitaji kuagizwa Marekani. Mama hukamua matunda ya managu yaliyoiva kwenye bakuli la maji, mbegu zinazama, anazianika kivulini na kuzihifadhi kwa majivu.

Ninachoomba ni kidogo. Kila wadi itenge kiwanja kimoja cha umma, kipimwe vipande, wapangaji wapewe kwa barua inayotambulika ili asije mtu kuwafyekea. Maktaba ya mji iweke kabati moja la mbegu. Afisa wa kilimo akae hapo siku moja kwa wiki, asubuhi tu.

Wenzangu wa Kent na Tacoma, miji jirani na Seattle, tunachangia harusi na mazishi kila mwezi. Hili nalo tunaliweza. Kiwanja cha kwanza kikipatikana, matangi mawili ya maji nitanunua mimi. Mbegu za managu mama ameshasema atatoa yeye.