Prince na Clare Fischer: kazi ya watu wasiowahi kupeana mkono

Mwaka 1985 ilitoka albamu ya kundi liitwalo The Family, ambalo mwanamuziki Prince aliliunda Minneapolis, Marekani. Humo ndimo ulimosikika kwa mara ya kwanza wimbo "Nothing Compares 2 U", miaka mitano kabla mwimbaji Sinéad O'Connor hajaupeleka dunia nzima. Fidla zilizoko kwenye albamu ile hazikutoka Minneapolis. Ziliandikwa na kurekodiwa mbali na hapo, Los Angeles, chini ya mzee aliyempita Prince umri kwa miaka karibu 30: Clare Fischer. Kanda ya muziki ilikwenda, kanda ikarudi. Waliendelea hivyo kwa miaka mingi, na hadi Fischer anafariki Januari 2012 hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Fischer hakuwa mwanamuziki wa chombo kimoja wala wa mtindo mmoja. Alizaliwa Michigan mwaka 1928, akasomea utunzi hadi shahada ya uzamili, akapiga piano na ogani, akaandika jazi, muziki wa Kilatini na kazi za okestra. Mpiga piano wa jazi Herbie Hancock amesema wazi kwamba mengi anayoyajua kuhusu kupanga sauti aliyapata kwa kusikiliza kazi ya Fischer na waimbaji wa The Hi-Lo's. Kisha mpwa wake, André, akawa mpiga ngoma wa Rufus, kundi la mwimbaji Chaka Khan, na kwa mlango huo mzee akaingia kwenye muziki wa vijana. Kwa hiyo kanda ya Prince ilipomfikia, ilimkuta mtu anayejua fidla zikae wapi pale ngoma na besi zinapokuwa zimeshajaza chumba.

Namna walivyofanya kazi inafaa kuangaliwa kwa karibu. Prince hakuwa mtu wa nota. Alifanya kazi kwa sikio. Kanda ikifika, mtoto wa Fischer, Brent, aliketi akasikiliza na kurudisha nyuma, akaandika kila kitu kwenye karatasi: gitaa, besi, ngoma, sauti za waimbaji. Ndipo baba yake alipoanza kutunga, macho yakiwa kwenye karatasi hiyo, akitafuta nafasi zilizoachwa wazi.

Wanaotetea kazi ya mbali wana hoja nzito hapa. Fikiria kijana nyota na mzee msomi ndani ya studio moja. Nani atamwambia nani apunguze? Kijana atamstahi mzee, au mzee atainamia umaarufu wa kijana, na vyovyote vile muziki ndio utakaoumia. Umbali uliwaondolea aibu hizo mbili. Prince hakusimama nyuma ya mgongo wa Fischer, na Fischer hakuombwa aeleze sababu ya kila nota. Prince mwenyewe alipendelea mambo yabaki hivyo. Sikiliza "Venus de Milo" kwenye Parade, albamu ya Prince ya 1986: hauna maneno, haufiki hata dakika mbili, piano inakwenda taratibu na okestra inajikunja pembeni yake kama moshi. Ukiambiwa waliketi kwenye benchi moja utaamini.

Upande wa pili nao haupuuziki, na kwa maoni yangu wengi wanaupita haraka mno. Mwenye kanda ya mwisho ndiye mwenye neno. Prince alipandisha sehemu alizozipenda, akashusha nyingine, na nyingine hazikusikika kabisa. Fischer hakuwepo chumbani kusema, "Ukiondoa hii, ile haitasimama." Sisi tuliolelewa na taarab tunaelewa kilichokosekana: mpiga fidla akimwona mwimbaji anavuta pumzi, anajua amsubiri, na mpiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, anamjibu bila kuambiwa. Kanda haina jicho la namna hiyo. Tena wimbo uliotikisa zaidi kutoka Parade ni "Kiss", ambao hauna okestra wala besi. Prince alijua kufuta, na penye kufuta, jasho la aliye mbali ndilo la kwanza kuondoka.

Hata hivyo siwezi kusema ushirikiano ule ulikuwa na kasoro ya msingi. Ninachokataa ni kuutumia kama ushahidi kwamba umbali wenyewe ndio uliozaa uzuri. Siku hizi vijana wetu wanatumiana midundo kwa WhatsApp, na prodyuza anamwandikia mpiga fidla: "Niwekee kitu hapo katikati, nirudishie leo usiku." Nimesikia kazi nyingi za aina hiyo. Fidla inapita juu ya wimbo bila kuugusa, kwa sababu aliyeipiga hakupewa wimbo mzima wala muda wa kuusikiliza. Fischer alipata vyote viwili, na juu yake akawa na mwana aliyekaa na kanda mpaka kila mlio ukawa kwenye karatasi. Kabla fidla ya kwanza haijapigwa Los Angeles, nyumba ile ilikuwa imeshausikiliza wimbo wa Prince hadi pumzi za mwimbaji.