Eti Nakala Tu!

Jamaa mmoja kwenye maonyesho ya sanaa aliinama mbele ya picha ya kuchapwa, akasoma maelezo, akasonya: "Aa, kumbe nakala tu." Akapita zake. Msonyo ule umenikaa kooni tangu Jumamosi.

Nakala tu! Haya, twende Marekani, 1870. Februari ile Hiram Revels wa Mississippi aliapishwa kuwa seneta wa kwanza mweusi, baada ya wapinzani wake kudai eti hajawa raia kwa miaka ya kutosha. (Mzaliwa wa North Carolina huyo, tena hakuwahi kuwa mtumwa.) Theodor Kaufmann akamchora, na Louis Prang, mchapishaji wa Boston, akaitoa picha ile kwa chapa ya mawe. Kila rangi ina jiwe lake: unachora kwa mafuta, unalilowesha maji, wino unashika penye mafuta tu, kisha karatasi ileile inapita jiwe baada ya jiwe. Ikiteleza kidogo, midomo inahamia shavuni. Anayedhani hiyo si kazi ya fundi ajaribu.

Prang akampelekea Frederick Douglass, mwandishi na mtetezi wa weusi, nakala moja. Douglass, aliyetoroka utumwani, alijibu kwamba watu weusi wamezoea kujiona wamechorwa kama nyani, kwa hiyo picha kama hii ni bahati kubwa. Akaongeza kuwa mapambo ya sebuleni huja na uhuru, na kuta za nyumba zao sasa zitaanza kuonyesha hivyo.

Kuta, jamani, kwa wingi! Picha ya brashi kwenye turubai ni moja, nayo ingeishia kwa tajiri mmoja. Dobi mweusi angemtundika nani ukutani kwake?

Nakubali, shingo upande: mawe ya namna hiyohiyo yalichapa uchafu pia. Currier & Ives, wachapishaji wa New York, waliuza picha za "Darktown", za kuwakejeli weusi, na zikanunuliwa sana. Lakini ndiyo sababu Revels naye alipaswa kuwa wengi. Tusi lililoingia kila nyumba utalijibuje kwa turubai iliyofungiwa chumbani?



Na kama nakala ni kitu bure, mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa alikuwa na wasiwasi wa nini? Mwaka 1832 mchoraji Honoré Daumier alitiwa jela kwa sababu ya chapa ya jiwe iliyomwonyesha mfalme huyo akila jasho la raia. Angemchora mara moja tu na kumficha uvunguni, nani angemfunga?